Breki za Pikapu Yako: Tengeneza Zilizopo Kabla ya Kununua Nyingine

Kupanda kilima ni kazi ya injini, lakini kushuka ni kazi ya breki. Injini ikishindwa kupanda, gari husimama, nawe hupoteza saa mbili na labda bei nzuri ya soko. Breki zikishindwa wakati wa kushuka, hupotea mali na watu. Hata hivyo wakulima wengi huisikiliza injini kila asubuhi, na breki hawaziangalii mpaka zipige kelele.

Jambo hili lawahusu sana nyinyi mlio katika skimu za makazi, hasa zile za nchi ya juu. Chukua mfano wa Kinangop, ambako watu wengi walipata mashamba katika Mpango wa Ekari Milioni Moja ulioanza mwaka wa 1962. Uwanda ule uko zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Naivasha liko chini yake karibu mita 1,890. Basi mkulima wa huko apelekaye viazi Naivasha hushuka zaidi ya mita 500 kabla ya kufika, tena akiwa amebeba shehena. Anaporudi kupanda, gari ni tupu. Kazi ngumu yote imewekewa breki.

Hebu tufanye hesabu ndogo. Pikapu yako pamoja na mzigo ina uzito wa kilo 2,500. Ukiishusha mita 500, nguvu ya uzito huo ikigeuka yote kuwa joto, yatosha kuchemsha madebe mawili ya maji baridi. Joto hilo ni lazima liende mahali. Ukitumia gia ndogo, injini huchukua sehemu kubwa. Ukishuka kwa breki peke yake, karibu lote huingia katika vyuma vya magurudumu manne. Ndiyo sababu ukifika chini wasikia harufu ya kuungua.

Wakulima wengi huuliza: Nifanye nini ili pikapu yangu ishike breki vizuri, nami sina fedha nyingi? Jibu letu ni hili. Usianze kwa kununua breki kubwa zaidi. Pikapu nyingi zinazoshika vibaya hazina kasoro ya kiwandani. Breki zake zimechoka, zimechafuka au hazikurekebishwa kwa muda mrefu. Zirudishe katika hali yake ya kwanza, kisha zipunguzie kazi. Hayo mawili yatakupa faida kubwa kuliko kitu cho chote cha kupamba kinachouzwa dukani.

ANZA NA YASIYO NA GHARAMA

Kwanza, angalia mzigo. Ikiwa pikapu yako imetengenezwa kubeba tani moja, hiyo ni magunia 20 ya kilo 50, wala si zaidi. Ukipakia magunia 30 umeongeza nusu tani ambayo breki hazikupimiwa. Utafikiri umepata faida ya safari moja, kumbe umeila pedi, tairi na springi, na umeiweka roho yako rehani.

Pili, shuka kwa gia. Kanuni ya zamani ingali nzuri: mteremko ushuke kwa gia ile ile ambayo ungetumia kuupanda. Ingiza gia hiyo juu, kabla ya kuanza kushuka, maana gari likisha kushika mbio ni vigumu kuirudisha gia. Usiondoe gia kabisa ili gari literereke lenyewe, na usizime injini eti kuokoa mafuta. Injini ikizimwa, ule msaada wa mguu hupotea baada ya kukanyaga mara chache, na kanyagio huwa gumu kama jiwe.

Tatu, usiweke mguu juu ya breki njia nzima. Kanyaga kwa nguvu ya kutosha, punguza mwendo, kisha achia, ili vyuma vipate nafasi ya kupoa. Breki inayokokotwa kidogo kidogo bila kuachiwa hupata moto kuliko ile inayokanyagwa sawasawa na kuachiwa.

Nne, punguza mwendo. Mwendo ukiongezeka mara mbili, kazi ya breki huongezeka mara nne. Katika barabara kavu ya lami nzuri, gari lenye mwendo wa kilomita 40 kwa saa hupita kama mita 11 kabla mguu wako haujafanya kazi, halafu mita 9 hivi ndipo lisimame. Kwa kilomita 80 hupita mita 22 kabla ya mguu, kisha kama mita 36. Yaani mita 20 zimekuwa 58. Katika changarawe au matope, ongeza nyingine nyingi.

Tano, pima upepo wa tairi. Kipimo cha gari lenye mzigo huandikwa katika kibandiko cha mlangoni au katika kitabu cha gari. Breki husimamisha gurudumu tu. Kinachosimamisha gari ni tairi kushika ardhi. Tairi lenye kipara haliwezi kusaidiwa na breki yo yote.

UPIME MWENYEWE NYUMBANI

Huhitaji gereji kujua kama breki zako ni wagonjwa. Simamisha gari mahali tambarare ufanye mambo haya.

Washa injini, ukanyage breki na kuishikilia kwa nusu dakika. Kanyagio likiendelea kuzama pole pole, mafuta yanavuja nje, au raba za masta silinda zimekwisha. Usiende safari.

Kanyagio likiwa laini kama sponji, ndani ya mabomba mna upepo. Likiwa linashuka mbali lakini likikanyagwa mara ya pili linapanda juu, mara nyingi breki za nyuma zimelegea na zataka kurekebishwa.

Kisha pima busta, yaani kile chombo cha duara kilicho nyuma ya masta silinda, kinachosaidia mguu. Zima injini, kanyaga mara nne au tano mpaka kanyagio liwe gumu, kisha liache limekanyagwa na uwashe injini. Yapasa lishuke kidogo lenyewe. Lisiposhuka, angalia kwanza mpira unaounganisha busta. Huenda umepasuka, na mpira ni bei ndogo kuliko busta. Katika gari la dizeli, angalia pia pampu ndogo inayovuta upepo kutoka busta.

Mwishoni, nenda polepole katika njia iliyo wazi na ukanyage. Gari likivutwa upande mmoja, upande ule mwingine haushiki. Sababu huwa ni tairi lenye upepo haba, kalipa iliyokwama, au mafuta yaliyomwagikia pedi. Baada ya safari fupi, sogeza mkono karibu na kila gurudumu bila kuligusa. Gurudumu moja likiwa na moto kuliko wenzake, breki yake haiachii.

MAFUTA YA BREKI: DAWA YA BEI NDOGO

Kama una fedha za kufanya jambo moja tu mwaka huu, badilisha mafuta ya breki. Watu wengi huyaongeza, wachache huyabadilisha.

Mafuta haya yana tabia ya kunywa maji kutoka katika hewa. Mafuta ya namba DOT 3 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakisha kunywa maji, kipimo hicho hushuka hadi nyuzi 140. Mafuta ya DOT 4 ni bora kidogo: 230 yakiwa mapya, 155 yakiwa na maji. Sasa kumbuka yale madebe mawili ya maji ya moto. Joto la mteremko likifika katika silinda, mafuta machakavu huchemka na kutoa mvuke. Mvuke hubonyezwa kama upepo, kwa hiyo kanyagio huzama mpaka chini na gari haliisikii. Likipoa, breki zarudi kama kwamba hakuna lililotokea, na fundi hukuta hakuna kasoro. Kasoro ni mafuta.

Yabadilishe kila baada ya miaka miwili. Soma kifuniko cha chupa ya mafuta katika gari lako ujue ni namba gani inayotakiwa. Mahali pa DOT 3 waweza kutia DOT 4. Lakini DOT 5, ambayo ni ya silikoni, usiichanganye na hizo. Na usitie kamwe mafuta ya injini, hata tone moja: yatavimbisha raba zote, na gharama yake itakuwa masta silinda na silinda za magurudumu yote.

Kazi yenyewe yataka watu wawili. Mmoja hukanyaga na kushikilia. Mwingine hufungua kinati kidogo cha gurudumu, chenye mpira mwangavu uliotumbukizwa katika chupa, huacha mafuta machafu yatoke, kisha hufunga kabla mwenzake hajainua mguu. Endeleeni mpaka mafuta yatoke safi bila mapovu. Katika magari yetu, ambayo dereva yuko kulia, kwa kawaida huanzwa gurudumu la nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, na mwisho mbele kulia. Chupa ya juu isikauke hata mara moja. Magari ya siku hizi yenye ABS huwa na taratibu yake, kwa hiyo fuata kitabu cha gari lako au mwite fundi aijuaye.

Hapa ndipo ujirani unapookoa fedha. Mafuta yaliyofunguliwa hayafai kuwekwa rafuni mwaka mzima, kwa kuwa yanakunywa maji humo humo chupani. Basi wakulima watatu au wanne wa skimu moja, au wa chama kimoja cha ushirika, na wanunue pamoja chupa ndogo zilizofungwa, wamwite fundi mmoja siku moja, na wamalize magari yote. Kwa kawaida lita moja yatosha pikapu moja.

BREKI ZA NYUMA ZISISAHAULIWE

Pikapu nyingi zina diski mbele na dramu nyuma. Diski hujirekebisha zenyewe. Dramu nyingi zina kirekebishaji chake, lakini matope na kutu ya barabara zetu hukifunga. Hapo nafasi kati ya shuu na dramu huwa kubwa, breki za mbele hufanya kazi peke yake, na pedi zake huisha upesi. Mkulima hununua pedi kila mara, kumbe ugonjwa uko nyuma.

Fungua dramu angalau mara moja kila mwaka, na mara mbili kama wapita matope mengi. Kabla ya kuinua gari, weka mawe au magogo magumu mbele na nyuma ya magurudumu yanayobaki chini. Usilale chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Weka stendi au vipande vya mti mgumu. Vumbi la ndani usilipulize kwa mdomo wala kwa pampu. Shuu nyingi za zamani zilikuwa na asibesto, nayo hudhuru mapafu. Lipanguse kwa kitambaa kilicholoweshwa, kisha ukitupe.

Ukiona mafuta ndani ya dramu, usipanguse tu na kufunga. Kama ni mafuta mazito ya ekseli, oili sili imekufa. Kama ni mepesi, silinda ya gurudumu inavuja. Tengeneza kasoro hiyo kwanza, kisha ubadilishe shuu za pande zote mbili, maana shuu iliyokunywa mafuta haitashika tena. Oili sili ni kitu cha bei ndogo. Kuichelewesha ndiko kunakogharimu.

Baada ya kusafisha, zungusha kirekebishaji mpaka gurudumu likatae kuzunguka, kisha kirudishe meno machache mpaka lizunguke huru. Fanya hivyo pande zote mbili. Handibreki irekebishwe mwisho, si mwanzo. Mara nyingi kazi hii peke yake hulipandisha kanyagio, na dereva akadhani amewekewa breki mpya.

UMEONGEZA SPRINGI? SOMA HAPA

Pikapu nyingi zina valvu ndogo karibu na ekseli ya nyuma, iliyounganishwa kwa fimbo. Gari likiwa tupu, nyuma huinuka, na valvu hupunguza nguvu ya breki za nyuma ili magurudumu yasiteleze. Likipakiwa, nyuma hushuka, na valvu huzipa breki hizo nguvu zaidi.

Sasa, mkulima huongeza vyuma vya springi ili abebe zaidi. Gari likipakiwa halishuki tena kama zamani. Valvu hudhani kwamba gari ni tupu, na breki za nyuma zanyimwa nguvu wakati ule ule zinapohitajiwa. Wengine hukuta fimbo imekwama kwa kutu, au imekatwa na kufungwa kwa waya. Mwambie fundi aitazame fimbo hiyo, na kama springi zimebadilishwa, aipime upya kwa kufuata kitabu cha gari. Valvu hiyo huweza kurekebishwa bila kununua kitu.

UNAPONUNUA, NUNUA KWA AKILI

Fedha zikipatikana, zitumie kwa mpango huu. Kwanza mipira ya breki. Tazama ile iliyo karibu na magurudumu huku mwenzako akikanyaga kwa nguvu. Ikivimba, ikiwa na nyufa au ikiwa imelowa, ibadilishe yote. Mpira unaovimba hula nguvu ya mguu wako kabla haijafika katika gurudumu.

Pili, pedi na shuu nzuri. Usingoje chuma kikutane na chuma, kwani hapo utanunua na diski pia. Pedi iliyobaki milimita 3 imekwisha kwa mtu ashukaye milima. Nunua kwa duka linalokupa risiti na litakalokubali kuirudisha. Pedi ya bandia ya bei ya chini huonekana sawa ikiwa baridi, lakini ikipata moto huteleza. Badilisha magurudumu mawili ya ekseli moja kwa pamoja, kamwe si moja. Diski na dramu zina kipimo cha mwisho kilichochongwa juu yake. Zikipita hapo usikubali zichongwe tena.

Tatu, pini za kalipa zitolewe, zisafishwe, zipakwe grisi ya breki isiyoyeyuka kwa joto. Kalipa iliyokwama hufanya pedi moja ifanye kazi ya mbili.

Pedi mpya zifunze kazi kabla ya kupakia mzigo. Katika njia tambarare iliyo wazi, punguza mwendo mara kumi hivi kutoka kilomita 50 hadi 15 kwa saa, bila kusimama kabisa, na uziache zipoe kila mara.

Kuna vitu ambavyo hatukushauri kununua. Kalipa kubwa za gari la namna nyingine huvunja mizani kati ya mbele na nyuma, na masta silinda yako huenda isiwe na mafuta ya kutosha kuzisukuma. Diski zenye matundu ni za mashindano. Na tairi kubwa kuliko kipimo hupendeza macho, lakini huipa breki kazi ngumu zaidi, kama vile panga lenye mpini mfupi lilivyo gumu kulitumia. Mtu aliyeweka tairi kubwa na kulalamika breki, dawa yake ni kurudisha zile za kwanza.

ZIKISHINDWA NJIANI

Ukisikia kanyagio linazama katika mteremko, usifadhaike. Pampu kwa haraka mara nyingi; huenda likapanda. Rudisha gia moja moja. Vuta handibreki pole pole, si kwa ghafula. Piga honi na washa taa. Kama halikusimama, lielekeze upande wa mlima, kwenye ukingo wa udongo au majani, wala si upande wa bonde.

Na ukisikia harufu ya kuungua, au kanyagio ni gumu lakini gari haliishiki breki, simama mahali salama ingali ikiwezekana. Weka mawe kwenye magurudumu, ngoja nusu saa au zaidi. Usimwagie maji, chuma cha moto kikipata maji baridi huweza kupasuka. Ukiisha kuvuka mto, kanyaga breki kwa wepesi huku ukienda polepole mpaka zikauke.

Ndugu mkulima, orodha hii yaonekana ndefu, lakini ukiitazama utaona kwamba sehemu kubwa haitaki fedha. Yataka Jumamosi moja, jirani mmoja, kitambaa, spana na chupa ya mafuta. Kama kazi yo yote huijui, usijaribu peke yako: mwite fundi, lakini simama karibu naye uone anachofanya, na umwonyeshe fimbo ile ya nyuma. Baada ya kazi, jaribu gari likiwa tupu katika njia tambarare kabla hujapakia gunia hata moja.

Kisha panda juu mpaka mwanzo wa mteremko, ingiza gia ndogo, na ushuke salama. Viazi vitafika sokoni kwa kuchelewa dakika kumi. Nawe utarudi nyumbani jioni.